Kobalti iondoke Katanga kwa masharti: barua ya wazi kwa Waziri wa Madini, Waziri wa Viwanda na Gavana wa Haut-Katanga

Waheshimiwa Mawaziri, Bwana Gavana,

Mimi ni mwalimu wa umeme wa magari katika shule moja ya ufundi hapa Lubumbashi. Vijana wangu wanajua kufungua alternata ya Toyota iliyotoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam, usukani kulia. Wanajua kutafuta waya uliokatika na kulirudisha gari barabarani jioni ile ile. Wengi wana baba, kaka au mjomba anayepata riziki yake kwenye machimbo au kwenye viwanda vya shaba na kobalti, kuanzia hapa hadi Likasi na Kolwezi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika betri ya gari la umeme, ingawa kobalti iliyomo ndani ya betri hizo kwa sehemu kubwa imechimbwa kwetu. Ndiyo maana ninawaandikia, na ombi langu nalitanguliza ili lisipotee katikati ya maneno: mmekwisha kuonyesha kwamba dunia inaisikiliza Kinshasa inapozungumza juu ya kobalti. Nguvu hiyo itumieni kudai viwanda. Mpaka sasa tumeona ikidai bei tu.

Tarehe 22 Februari 2025 mlisimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje. Bei ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 10 kwa ratili, na wenye viwanda walikuwa wakiendelea kumwaga mzigo sokoni kana kwamba hakuna kesho. Miezi 4 mliyotangaza ikaongezwa. Tarehe 16 Oktoba mkafungua mlango kwa kipimo: tani 18,125 kwa muda uliobaki wa mwaka ule, kisha tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi hicho hicho kwa mwaka 2027. Mwaka 2024 nchi yetu ilitoa takriban tani 220,000, yaani robo tatu ya kobalti yote iliyochimbwa duniani. Mkapunguza hadi chini ya nusu, na bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Nilifurahi, wala sioni aibu kusema hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu nipate akili niliona wanunuzi wakubwa wakingojea neno kutoka kwetu.

Lakini bei nzuri inaweza kupita mikononi mwetu kama zilivyopita bei nzuri zilizotangulia. Mwaka 2018 kobalti ilipanda sana, mwaka 2022 ikapanda tena, na mara zote mbili ikaanguka. Tulibaki na nini hapa Lubumbashi baada ya kila mpando? Barabara ya kwenda mpakani Kasumbalesa ikiwa imejaa makamyo, na mifuko mikubwa ya hidroksidi ya kobalti, yaani kobalti isiyokamilika kusafishwa, ikielekea Durban na Dar es Salaam ili ikasafishwe China. Kazi ya kuigeuza hidroksidi ile kuwa kitu cha kuingia kwenye betri, ambayo ndiyo inayolipa vizuri na kumfundisha mtu, haijafika kwetu.

Naomba mnivumilie nieleze historia ya mbali kidogo, kwa sababu somo letu limo ndani yake. Mnamo Januari 1990 General Motors walionyesha Los Angeles gari la majaribio la umeme walilolipa jina la Impact. Septemba mwaka huo huo bodi ya hewa ya jimbo la California, CARB, ikaweka amri: kuanzia 1998, katika kila magari 100 ambayo makampuni makubwa yanauza jimboni humo, 2 yawe hayatoi moshi kabisa, mwaka 2001 yawe 5, mwaka 2003 yawe 10. Fikirini, jimbo moja tu la nchi moja. Hata hivyo kwa sababu soko lake ni kubwa, makampuni yalilazimika kukaa mezani. Kabla ya amri ile gari la umeme lilikuwa kitu cha maonyesho. Baada yake, mwishoni mwa 1996, General Motors walianza kulikodisha gari lao la umeme, EV1, kwa watu wa kawaida, na Toyota nao wakaleta RAV4 ya umeme.

Lakini makampuni hayakukubali kimyakimya. Yalilalamika kwamba betri hazijakomaa, yakashawishi, baadaye yakaenda mahakamani. Mnamo 1996 bodi ikalegeza, ikaziondoa hatua zote za kabla ya 2003. General Motors walikuwa wametengeneza EV1 zaidi kidogo ya 1,100. Walizirudisha zote kutoka kwa waliozikodi, na nyingi wakazipondaponda, zikiwa bado zinatembea. Wanafunzi wangu wakisikia habari hii huuliza kwa nini mtu avunje gari zima. Mimi huwajibu kwamba walilitengeneza kwa kulazimishwa, na aliyewalazimisha alipolegea hawakuona sababu ya kuendelea.

Hata hivyo mbegu ya amri ile haikufa. California iliendelea na utaratibu wa hati: anayeuza magari ya umeme kupita kiwango anapata hati, asiyefikia kiwango anazinunua. Kampuni ya Tesla ilikua kwa sehemu juu ya hati za namna hiyo. Mwaka 2024 peke yake ilipata dola bilioni 2.76 kwa kuuza hati za kanuni za hewa, fedha zilizotoka kwa makampuni mengine ya magari yaliyochelewa. Mchelewaji alimlipa aliyetangulia, na serikali haikutoa fedha hizo mfukoni mwake. China walichukua wazo hilo wakaliweka juu ya nguvu zao wenyewe: baada ya miaka ya kutoa ruzuku tangu 2009, mwaka 2018 waliweka kanuni ya alama kwa kila mtengeneza magari, na kiwango cha lazima kikaanza kuhesabiwa mwaka 2019. Leo karibu nusu ya magari mapya yanayouzwa China yanachomekwa kwenye umeme. Uingereza mwaka 2024 ilidai asilimia 22 ya magari mapya yawe ya umeme, na inadai asilimia 80 ifikapo 2030, na kwa kila gari linalopungua kuna faini ya maelfu ya pauni. Umoja wa Ulaya hutoza euro 95 kwa kila gramu ya moshi inayozidi kipimo, zikizidishwa kwa idadi ya magari yote yaliyouzwa. Kampuni ikikosa kwa gramu chache tu, deni linafika mamia ya mamilioni.

Waheshimiwa, katika nchi hizo zote serikali haikuhitaji kutengeneza gari yenyewe. Iliandika kiwango, ikaandika tarehe, ikaandika adhabu, kisha ikaweka mtu wa kuhesabu. Mambo hayo manne yakikaa pamoja, wahandisi wa kampuni wanapewa bajeti na kazi inaanza. Moja likikosekana, wanaopewa bajeti ni mawakili.

Na tumeona mwaka 2025 kinachotokea serikali ikirudi nyuma. Mwezi Juni, Marekani ilifuta ruhusa ya California ya kudai kwamba magari yote mapya yawe bila moshi ifikapo 2035. Tarehe 30 Septemba ikaisha nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari jipya la umeme. Ulaya nayo iliwaruhusu watengeneza magari kuhesabu kipimo cha 2025 kwa wastani wa miaka 3 badala ya mwaka mmoja. Baadhi ya makampuni yakakunja mipango yake mara moja. Ninayataja kwa sababu uamuzi unaofanywa Washington au Brussels unafika mpaka Kolwezi: unaongeza au kupunguza mifuko inayopakiwa, na hivyo idadi ya vijana wanaoitwa kazini au kurudishwa nyumbani. Tukiendelea kungoja sera ya wengine itupe uhai, tutaendelea pia kuzimia kila wanapobadilisha mawazo.

Sisi wenyewe tumewahi kulegeza. Mwaka 2013 serikali yetu ilitangaza kwamba madini ghafi ya shaba na kobalti yasitoke tena bila kusafishwa. Makampuni yakasema hakuna umeme wa kutosha wa kusafishia. Ilikuwa kweli, umeme haukuwepo. Amri ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na kila aliyekuwa na akili ya biashara akaelewa kwamba angojee tu. Sisemi haya ili kuwalaumu waliokuwepo wakati ule. Ninasema kwa sababu umeme bado ndio udhuru wa kwanza mtakaosikia, na safari hii jibu lake lazima liwe tayari kabla ya amri.

Nchi inayofaa kutazamwa kwa makini ni Indonesia. Januari 2020 walifunga kabisa usafirishaji wa nikeli ghafi. Umoja wa Ulaya uliwashitaki katika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2022 waamuzi wakasema Indonesia ina makosa. Waindonesia hawakufungua mlango. Viwanda vya kuyeyusha nikeli vikajengwa kwa wingi, vingi kwa mtaji wa China, na Julai 2024 kiwanda cha seli za betri cha Hyundai na LG kikafunguliwa Karawang. Watengeneza magari walikwenda wenyewe pale ambapo madini yalikuwa yamekataa kuondoka. Lakini tusiangalie upande mmoja. Viwanda vingi vya huko vinaendeshwa kwa makaa ya mawe, misitu imekatwa, bahari ya wavuvi imechafuka. Na nikeli ile ile inatoa kobalti pembeni, kiasi kwamba Indonesia sasa ni ya pili duniani nyuma yetu. Kwa hiyo wao ni mfano kwetu na pia ni washindani wetu, na hawatatungoja.

Hapo ndipo penye hofu yangu kubwa, na nawasihi mnisikilize kama mtu anayefanya kazi na betri kila siku, hata kama ni zile za risasi na asidi. Kobalti si lazima iwe ndani ya betri. Zipo betri za lithiamu, chuma na fosfeti zisizo na kobalti hata gramu moja. Miaka michache iliyopita zilidharauliwa kwa kuwa nzito na kutofika mbali. Zimeboreshwa, ni nafuu, haziwaki moto kwa urahisi, na leo zimo katika karibu nusu ya magari ya umeme yanayotengenezwa duniani. China ni nyingi zaidi ya hapo. Kila kobalti inapopanda bei kwa ghafla, mhandisi fulani Shenzhen au Stuttgart anapata hoja mpya ya kuiondoa. Ulaya nayo imeandika katika sheria yake ya betri ya 2023 kwamba kuanzia 2031 asilimia 16 ya kobalti iliyomo katika betri mpya za magari itoke kwenye betri zilizorejelezwa. Maana yake ni kwamba muda tuliobaki nao wa kuwabana wanunuzi ni mfupi. Mgawo unaopandisha bei tu unaufupisha zaidi. Mgawo unaomfunga mnunuzi kwa kiwanda alichokijenga hapa unamfanya apoteze kitu akiiacha kobalti.

Sasa nije kwenye pendekezo. Katika zile tani 96,600 za kila mwaka, tani 87,000 zimegawiwa makampuni kwa kufuata yaliyosafirisha huko nyuma. Tani 9,600 zimebaki mikononi mwa ARECOMS, mamlaka yenu ya kusimamia masoko ya madini ya kimkakati, kama mgawo wa kimkakati. Ninawaomba tani hizo 9,600 zisiende kwa yeyote isipokuwa anayejenga hapa Haut-Katanga au Lualaba, na ziandikiwe kiwango, tarehe na adhabu. Halafu mwaka hadi mwaka fungu hilo liongezwe, na lile la 87,000 lipunguzwe kwa anayekataa kujenga. Msafirishaji wa zamani asipate haki ya milele kwa sababu tu alitutangulia kutoa mifuko.

Mtu atasema tani 9,600 ni kidogo. Tupige hesabu. Kabla ya betri kuna unga wa awali unaochanganya nikeli, manganizi na kobalti, ndio baadaye unachomwa pamoja na lithiamu kutengeneza kathodi, upande chanya wa betri. Katika mchanganyiko unaotumika sana, wenye sehemu 6 za nikeli, 2 za manganizi na 2 za kobalti, kobalti ni kama moja ya nane ya uzito wa unga. Kiwanda cha kutoa tani 10,000 za unga kwa mwaka kinahitaji basi tani 1,300 hivi za kobalti. Mgawo wa kimkakati unatosha kulisha viwanda 7 vya namna hiyo. Mwaka 2021 watafiti wa BloombergNEF walikadiria kwamba kiwanda kimoja cha tani 10,000 kingegharimu dola milioni 39 kukijenga hapa Kongo, theluthi moja ya gharama ya kukijenga Marekani. Manganizi iko Kisenge, katika Lualaba. Nikeli hatuna ya kutosha, lakini mgodi wa Enterprise uko ng'ambo ya mpaka tu, Zambia, na nchi hizi mbili zilitia sahihi mkataba wa kushirikiana katika betri mnamo Aprili 2022. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimepewa kituo cha Afrika cha utafiti wa betri mwaka huo huo. Karatasi zote zipo. Kinachokosekana ni mnunuzi aliyebanwa.

Na mnunuzi mnaweza kumfikia. Watengeneza magari husema wao hawachimbi, wananunua kwa watu walionunua kwa watu wengine. Lakini wakitaka uhakika wanajua njia: mwaka 2020 Tesla walikubaliana na kampuni ya madini ya Glencore kununua hadi tani 6,000 za kobalti kwa mwaka moja kwa moja kutoka migodi. Tena kuanzia Februari 2027 kila betri ya gari la umeme itakayouzwa Ulaya itatakiwa kuwa na pasipoti yake, inayoeleza imetengenezwa kwa nini na kwa njia gani. Sehemu ya habari hizo itatoka hapa. Mkisema kwamba hati ya asili ya kobalti inatolewa kwa mkataba unaotaja jina la mtengeneza gari na ahadi yake kwetu, atakuja Lubumbashi mwenyewe kuizungumza.

Juu ya umeme sitazunguka. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ilijengwa ili kuleta umeme kwenye migodi, na tangu 1982 inapita juu ya vijiji visivyo na taa. Sisi wa mjini tunaishi kwa delestaji, yaani umeme wa kukatwakatwa kwa zamu. Mama anapika bukari kwa makala ya miti iliyokatwa mbali zaidi kila mwaka, fundi anasimamisha mashine ya kulehemu, na shuleni kwangu somo la umeme mara nyingi linafundishwa kwa chaki. Makampuni makubwa yananunua umeme Zambia au kuwasha jenereta za mazutu. Kwa hiyo sharti la kwanza la anayepewa mgawo wa kimkakati liwe megawati: alete umeme wake mpya, wa maji au wa jua, na sehemu iliyoandikwa ya umeme huo iingie katika mtandao wa mji, kwenye komini zilizo karibu na kiwanda chake. Tukifanya hivyo udhuru wa 2013 hautapata pa kusimama. Tukishindwa hapa, mengine yote niliyoandika yatabaki maneno.

Kuna watu wengine ambao mashinikizo ya wakubwa huwapita juu. Wachimbaji wa mikono wa Lualaba na Haut-Katanga wameandikwa sana katika ripoti za nje tangu 2016, na baadhi ya watengeneza magari, waliposhtuliwa na aibu, waliamua kukimbia. BMW walitangaza kwamba kobalti yao wataitoa Australia na Morocco. Nawaelewa, lakini kukimbia kwao hakukumtoa mtoto hata mmoja shimoni. Kulimwachia baba yake mnunuzi mmoja pungufu na bei mbaya zaidi. Novemba 2025 huko Kalando, Lualaba, watu wasiopungua 32 walikufa daraja lilipovunjika juu ya machimbo. Walikuwa na wake, na watoto wanaosoma shule kama yangu. Katika masharti mtakayoandika, mtengeneza gari atakiwe kununua fungu fulani kutoka maeneo halali ya wachimbaji wa mikono kupitia Entreprise Générale du Cobalt, kampuni ya serikali inayonunua kobalti yao, kwa bei inayotangazwa, na kulipia usalama wa maeneo hayo. Serikali yake imemwambia gari lisitoe moshi. Yetu ina haki ya kumwambia betri isitoe maiti.

Na sisi wa Lubumbashi pia tunapumua. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu chetu pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo kwamba watoto ambao baba zao wanafanya kazi za madini wako katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Novemba 2025 maji ya kiwanda kimoja yalivunja ukingo wa bwawa yakaingia katika mitaa ya komini ya Annexe, watu wakavuka kwa miguu mitupu wakibeba watoto. Mlisimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi 3. Ninawashukuru, na nachukua tendo hilo kama ushahidi kwamba mnaweza. Viwanda vya kemikali ninavyowaomba navyo vina asidi na maji machafu, sitaki kujifanya kwamba ni visafi. Ndiyo maana ninataka mabwawa yao yakaguliwe kabla ya kuwasha mashine ya kwanza, na matokeo yabandikwe ofisini kwa burugumesta, kwa Kiswahili, ili mama anayechota maji kisimani asome au asomewe.

Bwana Gavana, sehemu hii ni yako. Sheria ya madini ya 2018 inaipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na asilimia 15 inakwenda kwa maeneo yenye migodi. Kobalti ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati, mrabaha wake ulifika asilimia 10. Bei ikiwa juu namna hii, fungu la jimbo limekua. Ninakuomba sehemu yake itengwe kununulia madawati, vifaa vya kupimia na betri halisi kwa shule za ufundi za komini zetu za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba. Kigali tangu Januari 2025 haiandikishi tena pikipiki mpya za abiria za esansi, ni za umeme tu. Ethiopia tangu mwanzo wa 2024 imefunga mlango kwa magari ya esansi na mazutu. Magari hayo yatatufikia na sisi, yakiwa mapya au yakiwa yamechoka, na mtu wa kuyafungua lazima awepo. Betri yenye volti 400 humuua fundi asiyefundishwa.

Kwenu Waheshimiwa Mawaziri, sitaki kujibiwa kwa hotuba ya ufunguzi wa kongamano. Tumesikia makongamano ya betri tangu lile la Kinshasa la Novemba 2021. Ninauliza jambo moja, na ninaomba lijibiwe mbele ya watu, kwenye redio zetu na kwenye ubao wa jengo la jimbo: katika zile tani 9,600 za mwaka 2026, nani amepewa ngapi, ameahidi kujenga nini, mahali gani, kabla ya tarehe gani, na mtamfanya nini tarehe hiyo ikipita?

Kwa heshima,

Mwalimu wa umeme wa magari,
Komini ya Katuba, Lubumbashi